Mashujaa oyee! Lakini timu ya Kigoma iko wapi?

Ndugu zangu wa Kigoma, najua nitatukanwa kwa haya, basi ngoja niyaseme mapema ili mpate muda wa kutosha wa kunitukana. Mashujaa si timu yetu.

Naam, nimesema. Kabla hujaokota jiwe, nisikilize kwanza. Tarehe 9 Aprili 2024, Simba walipotolewa Kombe la Shirikisho pale Lake Tanganyika kwa penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kesho yake nikawa naagiza chai kwa ishara. Desemba 2018, vijana hao hao, wakati huo hata Ligi Kuu hawajaiona, waliwafuata Simba Dar es Salaam wakawachapa 3-2 mbele ya watu wao. Siku ile niliwanunulia kahawa watu nisiowajua. Na mwaka 2023 walipoishusha Mbeya City kwenye mechi za mtoano na kupanda Ligi Kuu, nilikuwa miongoni mwa waliosema "sasa na sisi tumo". Kwa hiyo asije mtu akaniambia mimi ni Simba niliyejificha.

Ugomvi wangu si na wachezaji, wala na magoli. Ugomvi wangu ni na hilo neno "yetu".

Mashujaa ni timu ya Jeshi la Wananchi. Hili si siri, wala si tusi. Magazeti yenyewe yanawaita maafande. Jeshi ndilo mwenye mali. Mimi na wewe tunanunua tiketi, tunanunua jezi, tunapaka nyuso rangi, lakini siku ya kuamua lolote kuhusu timu ile hakuna atakayetuuliza. Hivi umewahi kupiga kura kumchagua kiongozi wa Mashujaa? Unayo kadi? Mjomba wako wa Kasingirima anayo? Sisi pale ni wageni tunaoshangilia kwenye harusi ya watu. Wali tunakula, vigelegele tunapiga, ila bibi harusi si ndugu yetu.

"Sasa tatizo liko wapi, timu si ipo Kigoma?" Hilo swali nimeulizwa mara nyingi, tena na watu waliosoma. Jibu lake wanalo wazee. Nenda kakae nao kijiweni Mwanga au Ujiji uwaulize habari za RTC Kigoma. Utatajiwa vikosi, utaonyeshwa kwa mikono jinsi fulani alivyokuwa anapiga chenga. RTC ile ilikuwa ya Kampuni ya Biashara ya Mkoa, zile kampuni zilizozaliwa miaka ya 1970 baada ya Shirika la Biashara la Taifa kugawanywa, ndizo zilizokuwa zinatuuzia sukari na sabuni kwa foleni. Kampuni ilikuwa na ghala, ilikuwa na malori, ilikuwa na ajira za kumpa mchezaji. Basi timu ikawa na nguvu.

Halafu biashara ikaachiwa huria. Watu binafsi wakaanza kuuza sukari yao, kampuni za mikoa zikadhoofika hadi zikafa. Na timu je? Timu ikafa na mwenyewe. Wale mashabiki waliokuwa wakijaza uwanja hawakuwa na cha kushika mkononi, kwa sababu hawakuwahi kuwa na chochote. Walikuwa na kumbukumbu tu. Ndizo hizo wanazotusimulia hadi leo kwa kikombe cha kahawa.

Sasa mtu ataniambia jeshi si kampuni ya sukari, jeshi halifilisiki. Sawa kabisa. Lakini jeshi linajua kitu kingine kinachoitwa uhamisho, na askari akihamishwa haitishi mkutano wa hadhara kuuliza wananchi wanaonaje. Unadhani nachekesha? Katikati ya msimu wa 2023/24, watu wa Mbarali waliamka wakaambiwa Ihefu yao sasa inacheza Singida, na haukupita muda hata jina likabadilika, ikawa Singida Black Stars. Kitayosce ilianzia Kilimanjaro. Ilipofika Ligi Kuu 2023 ilikuwa Tabora, na ikabatizwa Tabora United. Mwenye mali kaamua, kahamisha mali yake. Kosa liko wapi? Kosa halipo. Ndiyo maana nasema tusichanganye kushangilia na kumiliki.

Tuangalie upande wa pili. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Coastal Union ya Tanga ni ya 1948. Hawa wamepita ukoloni, uhuru, Azimio la Arusha, foleni za sukari, soko huria, na viongozi wengine ambao kwa kweli wangeweza kuiua hata timu ya malaika. Bado wapo. Wamebakia kwa sababu zilianza na watu wa mtaa, wakatoa senti zao, wakagombana, wakafukuzana, wakarudiana. Klabu yenye wanachama wanaogombana haifi kirahisi, kwa sababu kila mmoja anaamini ni yake na hataki mwenzake aichukue. Leo wenye fedha wameingia huko nao, hilo najua, ila wameikuta nyumba ina wenyewe.

Je, Kigoma hatuna klabu za namna hiyo? Tunazo! Hapa ndipo ninapokasirika.

Nenda Kibirizi, nenda Gungu, Buzebazeba, Katubuka, Rubuga. Kila mtaa una timu, na baadhi zinacheza ligi ya wilaya na ligi ya mkoa. Msimu uliopita niliamua kuifuatilia klabu moja ya vijana wa ufukweni. Jina sitalitaja, viongozi wake wameshachoka vya kutosha, sitaki waongezewe maswali. Wachezaji wengi ni wavuvi wa dagaa au wabebaji mizigo mwaloni. Ratiba yao ya mazoezi haitokani na kocha, inatokana na mwezi. Giza likiwepo wako ziwani na taa zao usiku kucha. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawavuliki vizuri kwa taa, basi ndipo timu inakamilika. Kocha wao anajua kalenda ya mwezi kuliko ustadhi anayesubiri Ramadhani.

Fedha je? Fedha ni mchango. Tajiri mwenye mitumbwi anatoa kidogo, mama anayeanika dagaa anatoa kidogo, bodaboda wa kijiwe cha jirani wanatoa kidogo. Kwa fedha hiyo unalipa ada ya ushiriki, fomu za usajili, posho za waamuzi, nauli, na maji. Sasa kumbukeni kwamba Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi mitatu, ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono samaki kuzaliana, sina tatizo na hilo. Ila klabu inayoishi kwa dagaa, ziwa likifungwa inaishi kwa nini? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna anayeihesabu klabu kama kitu kinachokula.

Basi, msimu wenyewe. Ligi ilichelewa kuanza, ikaanza kwa kukimbizwa. Mechi moja wapinzani hawakutokea, hawakuwa na nauli, vijana wakapewa pointi za mezani. Mnadhani walifurahi? Beki wao wa kulia, ambaye alikuwa ametoka ziwani alfajiri na hakulala, alikaa chini kwenye vumbi akavua daluga moja, akavaa tena, akavua. Alitaka mechi, si pointi. Mechi nyingine wao ndio walioshindwa kusafiri, wakapoteza kwa namna ile ile. Baada ya wiki chache tu ligi ikawa imeisha. Imeisha! Mwaka una wiki 52 na msimu wa mpira wa kijana huyu umekwisha kabla jezi mpya haijapauka.

Na hata angekuwa bingwa wa mkoa, kinachofuata ni Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambayo mnakusanywa kituoni, pengine upande wa pili wa nchi, mnacheza mechi za haraka haraka ndani ya siku chache. Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli. Klabu ya dagaa itoe wapi fedha za kulaza na kulisha kikosi kizima ugenini? Timu ya jeshi, ya polisi, ya magereza au ya halmashauri inaweza. Kwa hiyo msishangae kwa nini timu za taasisi zinapanda na za mitaa zinabaki. Si kwamba vijana wa mitaani hawajui mpira. Ngazi imejengwa kwa miguu ya mwenye gari.

Niliandika habari ya klabu ile nikaipeleka kwenye chumba cha habari (kipi, hamhitaji kujua). Nikaulizwa swali moja tu: "Ndani yake kuna Simba au Yanga?" Nikasema hakuna. Habari ikalala. Sasa inaamkia hapa.

Kuna wenzangu watasema vijana wasubiri ndondo. Ndondo ndiyo hii: mheshimiwa anakuja karibu na uchaguzi, anatoa jezi zenye picha yake kifuani, mpira, na mbuzi kwa mshindi wa kwanza. Watu wanajaa, kweli, na mpira unachezwa hasa. Mimi mwenyewe nakwenda. Lakini kombe la mheshimiwa lina msimu mmoja kila miaka mitano, na mbuzi akishaliwa hakuna klabu inayobaki. Tena viongozi wa ligi wanalalamika kwamba wachezaji wanaikimbia ligi kwenda kwenye mbuzi. Unamlaumuje kijana? Mbuzi anaonekana. Ligi haionekani.

Uwanja nao tuuseme. Lake Tanganyika ni mali ya CCM, kama vilivyo viwanja vingine vingi vya mikoani ambavyo chama kiliendelea kuvishika baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi 1992. Sitaki kuufufua mjadala wote leo, una wenyewe. Nasema tu kwamba tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ililetwa pale, Simba wakaifunga Yanga 1-0, goli la Taddeo Lwanga, na nchi nzima ikagundua kwamba Kigoma kuna uwanja na kuna watu. Kesho yake wageni wakaondoka, na klabu za mitaa zikarudi kwenye vumbi lao. (Na kwa wasiojua: uwanja wa Arusha unaitwa Sheikh Amri Abeid kwa jina la mtoto wa Ujiji, mshairi yule aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Yaani Ujiji tumewapa Arusha jina la uwanja, sisi wenyewe watoto wanachezea chandimu kati ya miembe. Lakini ukimtajia Ujiji mtu wa Dar, atakutajia Livingstone na Stanley tu, 1871, mzungu kasalimia mzungu.)

Nimeshaambiwa pia kwamba naleta siasa, kwamba mji umepata furaha baada ya kiu ya miaka mingi na mimi naitia mchanga. Hapana. Furaha iendelee. Mapigo na mwendo, sawa, twende! Lakini mashabiki wanaojaza jukwaa siku Yanga wakija, ni wangapi wamewahi kuisimamia hata mechi moja ya ligi ya mkoa? Ni wangapi wanajua bingwa wa mkoa wa mwaka jana ni nani? Wewe unayesoma, unamjua? Chelsea unawajua mpaka madaktari wao.

Mimi nina ombi moja tu, na ni la hesabu. Siku Mashujaa wakiwa nyumbani na Simba au Yanga, mlangoni iongezwe shilingi 500 kwenye kila tiketi, iende moja kwa moja kwenye ligi ya mkoa, na ibandikwe ukutani imetumikaje, ili kila mtu asome. Wakiingia watu 5,000 tu, hiyo ni shilingi 2,500,000 kwa jioni moja, na hakuna shabiki atakayeshindwa kula kwa sababu ya mia tano. Mkitaka kujua 2,500,000 ni posho za waamuzi wangapi na nauli za mechi ngapi za ugenini, msiniulize mimi wala mhasibu yeyote. Teremkeni Kibirizi asubuhi, wakati dagaa wanaanikwa, mkaulizie mweka hazina wa klabu. Atakujibu bila kushika kalamu.