Mlimnyang'anya wimbo



Mara hii tunaandika juu ya kosa letu. Wengi wenu mnajua darasa la watoto la Wabahai tunalofanya hapa Uvira kila siku ya posho mchana, chini ya mwembe. Wanakuja watoto wa miaka 5 hadi 10: wa Kikatoliki, wa Kiprotestanti, wa Kiislamu, na wasiopelekwa popote. Mama mmoja alituuliza kama tunawageuza dini kwa siri. Hapana. Hata mtoto wa Mbahai, akifika miaka 15, anajiamulia mwenyewe. Darasa letu halina ukuta, njooni mkae msikilize.

Kila somo lina sifa moja: ukweli, ukarimu, msamaha, subira. Kuna sala, maneno machache ya kushika kwa kichwa, hadithi, mchezo na kuchora. Wimbo ndio unaobeba yote, maana wengi hawajui kusoma bado. Tunaimba mstari, wanarudisha. Mmoja anapiga bidoni ya njano. Kila mstari una ishara yake, hivi mtoto akisahau neno, mikono inamkumbusha.

Basi, kosa lenyewe. Baada ya wimbo tulizoea kusimamisha mtoto mmoja mmoja aseme yale maneno bila kuimba, ili tujue nani ameshika. Ndivyo tunavyofanya kwenye masomo pia, na watoto wanapenda kupigiwa makofi. Sasa kuna kijana wa miaka 8 mwenye kigugumizi. Aliposimama, neno la kwanza likakataa kutoka. Wenzake wakaanza kumsaidia, kisha wakamwiga, kicheko kikaenea. Na sisi, wenye diploma, tulimwambia nini? "Jikaze mwanangu, sema polepole." Somo la siku ile lilikuwa wema.

Posho mbili hakuonekana.

Tukaenda kwao. Mama yake alikuwa anatwanga sombe. Alitukaribisha, lakini hakuacha mchi, tukajua ana kitu moyoni. Halafu akasema: "Walimu, huyu mtoto anaimba nyimbo zenu zote hapa nyumbani, toka mwanzo mpaka mwisho, hakwami hata neno moja. Ninyi mlimnyang'anya wimbo."

Hatukuwa na jibu. Ni kweli, wamama: wenye kigugumizi wengi huimba bila kukwama, na wengi husema vizuri zaidi wakisema pamoja na wengine kwa sauti moja. Mtoto wa namna hiyo hakosi akili. Neno analijua, ni kulitoa ndiko kunamshinda. Ukimwambia ajikaze, unamzidishia mzigo. Ukimmalizia neno, unamwonyesha kwamba umechoka kumsikiliza. Mwangalie usoni, ngoja, aseme mwenyewe. Fimbo haiponyi kigugumizi, na wala mama asijilaumu kwamba alimlea vibaya. Tusidanganyane lakini: wimbo nao hauponyi. Akiacha kuimba, kigugumizi kinarudi.

Siku hizi hatumsimamishi mtu peke yake asipotaka. Maneno tunayasema wote pamoja, na mara nyingine hata swali tunaliimba, nao wanaimba jibu. Wengine wamenung'unika, wanataka makofi yao. Na kujua nani ameshika na nani anafungua tu mdomo kumekuwa kugumu zaidi, hilo tunalikubali. Wale waliocheka tuliongea nao siku ambayo yeye hakuwapo. Wawili kati yao walikwenda wenyewe kumwita.

Alirudi posho ya tatu, akaketi pembeni, mdogo wake mapajani. Aliimba. Sasa bidoni ni yake, na hatoi nafasi kwa mtu.

Posho iliyopita, katikati ya hadithi, akanyosha mkono. Tukanyamaza wote. Neno likachelewa sana, hata yule mdogo wake akageuka kumtazama. Hakuna aliyecheka. Mwishowe likatoka: alikuwa anaomba ruhusa kwenda kunywa maji.

Akaenda, akarudi, tukaendelea na hadithi.