Injini Isiyopumua Itamwaga Oili



Wengi wetu twaja kazini kwa pikipiki, na baadhi zimeongezwa nguvu: silinda imepanuliwa ikatiwa pistoni kubwa. Hatulaumu. Lakini oili yavuja. Fundi abadili gasketi leo, wiki ijayo yavuja tena, nasi twalipa tena. Mwenzetu mmoja aliteleza kwa oili iliyodondokea gurudumu lake la nyuma, akavunjika mkono. Mkono mmoja hauunganishi mabehewa.

Twasema gasketi haina kosa. Sisi watu wa reli twajua kwamba boila huwekewa vali ya kutolea mvuke uliozidi. Basi na tumbo la injini ni vivyo hivyo. Pistoni ikishuka husukuma hewa iliyo chini yake. Injini ya sentimita 150 za ujazo, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, husukuma hewa hiyo mara 100 kwa sekunde, yaani lita 15. Tena moshi kidogo hupenya kwenye ringi. Pistoni ikiwa kubwa, hewa huzidi. Lakini paipu ya kupumulia imebaki ile ile nyembamba. Hewa itapita wapi? Itapita kwenye sili na gasketi, na oili itaifuata.

Waliotengeneza Triumph kule Uingereza walilijua jambo hili. Katika injini yao ya sentimita 650, pistoni mbili hupanda na kushuka pamoja. Kwa miaka mingi walitumia vali iliyozungushwa na kamshafti. Katika pikipiki zao za 1970 waliiacha, wakapitisha hewa kwenye nyumba ya cheni ya injini, oili ibaki humo, na hewa itoke kwa paipu pana.

Basi yafaa tufanye hivi. Kwanza, ringi zipimwe. Zikiwa zimekwisha, paipu haitaziponya. Pili, paipu iwe pana, ipande juu bila kulegea mahali oili iwezapo kutuama. Tatu, itiwe vali ya njia moja karibu na injini, hewa itoke isirudi. Nne, mwisho wake uingie katika kopo lenye vizuizi ndani, lenye tundu la hewa juu na kizibo cha kumwagia oili chini. Kopo lifungwe mbali na ekzosi na gurudumu.

Na wale wazibao paipu kwa kijiti ili "isichafue", twawaomba waache. Huko ni kufunga vali ya boila na kukaa juu yake.

Mafundi wa karakana yetu wanaweza kutuonyesha kazi hii. Twaiomba kamati ya tawi itenge jioni moja, kila mwenye pikipiki aje nayo. Paipu na kopo si ghali kama mkono uliovunjika.

Umoja ni nguvu.