Pikipiki Kubwa na Daftari la Nyumba

Iko pikipiki nyepesi ya kwendea sokoni, na iko pikipiki kubwa ya safari za mbali. Hiyo kubwa ilijipatia sifa tangu mwaka 1980, BMW ya Ujerumani ilipotoa R 80 G/S, yenye kwenda mbio penye lami na kupita pia penye mawe na mchanga. Mwaka 1981 Mfaransa Hubert Auriol, mzaliwa wa Addis Ababa, alishinda nayo mashindano ya Paris–Dakar. Mwaka 1988 Honda ya Japani ikaleta Africa Twin. Hata leo wanaume wengi huzitamani pikipiki za namna hii.

Basi tuseme baba mmoja wa Kamina amepata fedha za kununua moja iliyokwisha kutumika. Afanyeje ili adumu nayo miaka kumi?

Kwanza, atazame mahali anapokaa. Kamina ni njia panda ya reli: moja yaenda Lubumbashi, moja Ilebo, moja Kalemie. Kipuri kisichopatikana mjini hungoja gari la moshi au lori. Mafundi wamezoea pikipiki za 125 na 150 zitokazo Uhindi na China. Tairi ya pikipiki kubwa ina kipimo kingine, na pikipiki za siku hizi zina kompyuta ya kuongoza injini. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, aulize: Fundi gani ataifungua? Vipuri vitatoka wapi, na kwa bei gani?

Pili, ajue adui zake. Tangu Mei hata Septemba vumbi huziba chujio la hewa. Injini hukosa pumzi na kunywa petroli kupita kiasi. Vumbi likipenya ndani, hula silinda. Mvua za Oktoba zikianza, matope hushika mnyororo. Mnyororo na usafishwe na kutiwa mafuta kila kilometa 500, na mapema zaidi baada ya matope. Tena pikipiki hizi nyingi zina uzito wa kilo 200 na zaidi: ikiangukia topeni, mtu mmoja ataiinua kwa shida. Asisafiri mbali peke yake, wala asipande bila kofia ngumu. Bei ya kofia hiyo ihesabiwe pamoja na bei ya pikipiki.

Tatu, awe na daftari. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Baba na mama waandike pamoja tarehe, kilometa, mafuta ya injini yaliyobadilishwa na fedha iliyotoka. Kila mwezi waweke kando kidogo kwa ajili ya tairi na breki. Fedha ya tairi ikichukuliwa katika ada ya shule, mtoto ndiye alipaye safari za baba yake.

Ninyi mnaofikiri kununua, kaeni jioni moja mkaandike hesabu ya mwaka mzima wa kwanza. Ikiwa nyumba haiwezi, nunueni nyepesi bila haya. Pikipiki ndogo iendayo kila siku yalisha watoto. Ile kubwa iliyolala chini ya mwembe ikingoja kipuri imekwisha kula fedha yao.