Kilomita sio saa

Desemba iliyopita niliaibika. Kakangu alikuwa anatoka New York kuja Nairobi moja kwa moja, nami nikaandika kiprogramu cha kumwambia mama ndege itatua saa ngapi. Umbali ulitoka vizuri, karibu kilomita 11,800. Nikagawa kwa 900, nikapata saa 13 na ushee. Mama akangoja uwanjani karibu saa mbili.

Makosa yalikuwa mawili. Ndege haianzi na kasi ya 900: inajikokota ardhini, inapanda polepole, pengine inazungushwa kabla ya kutua. Pili, New York iko nyuma yetu kwa saa 7 mwezi Julai lakini 8 mwezi Desemba. Mimi nilikuwa nimeweka 7, basi.

Na upepo je? Februari 2020, wakati wa dhoruba ya Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Kwa kawaida ni zaidi ya saa 6, na umbali ni uleule!

Kwa hivyo naona tovuti zinazogawa kilomita kwa kasi moja na kuita jibu "muda wa safari" zinapotosha watu. Ziandike "makadirio ya kuwa angani". Yangu nimeshairekebisha, mama bado anapendelea kusoma tiketi.