Picha ya Micheaux Imepotea, Kaseti za Bibi Je?



Kama unakaa College Park, lazima umewahi kupita Adelphi Road, pale kwenye jengo la Nyaraka za Taifa za Marekani. Lilifunguliwa 1994, na ndani kuna vyumba vya baridi vya kutunzia filamu.  Sinema za zamani zilipigwa kwenye mikanda ya naitreti, kitu kinachoshika moto haraka na kuzimika kwa shida. Desemba 1978, hapo Suitland, kaunti yetu hii hii ya Prince George's, moto uliteketeza zaidi ya futi milioni 12 za sinema za habari zilizokuwa mikononi mwa serikali.

Nyingine hata hazikuhitaji moto. Sauti ilipoingia, picha bubu zilikosa soko, zikatupwa. Mwaka 2013 Library of Congress ilitoa hesabu: kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 za Marekani, 14 tu kwa kila 100 zimebaki katika umbo lake la kwanza.

Inayoniuma mimi ni The Homesteader ya 1919. Wengi wetu tunajua picha za kauboi kupitia baba zetu, na kauboi ni Mzungu, basi. Kumbe Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi, alilima kweli South Dakota, akaandika riwaya juu ya maisha hayo, halafu akaigeuza sinema mwenyewe. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Mmarekani mweusi. Leo hakuna nakala hata moja inayojulikana.

Picha yake iliyofuata, Within Our Gates ya 1920, nayo ilidhaniwa imepotea, mpaka nakala ikaonekana Hispania ikiitwa La Negra. Maandishi yake karibu yote yalikuwa ya Kihispania! Ikabidi yatafsiriwe upya kwa Kiingereza. Yaani picha ilirudi kwao ikiongea lugha ya ugenini. Si unaona inatugusa?

Kwetu kuna boksi la viatu lenye kaseti nane. Enzi hizo simu ilikuwa ghali, kwa hiyo Bibi alikuwa anarekodi barua kwa mdomo kule Tanga, anampa mtu anayesafiri. Nilimsikilizisha Mama moja. Mimi nilisikia Bibi na kelele za nyuma. Yeye alisikia jirani anakuja kudai sufuria yake, mjomba anacheka, na utani ambao ilibidi anifafanulie mara mbili. Kaseti ipo nzima, ila nusu ya yaliyomo yako kichwani mwa Mama, na Mama hana nakala.

Kwa hiyo kunakili peke yake hakutoshi. Maktaba ya Martin Luther King pale D.C. ina Memory Lab, unahamisha kaseti na VHS mwenyewe, bure. Panda treni ya Green Line hadi Gallery Place, unatembea kidogo tu umefika. Angalia kwanza tovuti yao, uweke nafasi. Ukirudi, mkalishe mzazi, shangazi, yeyote anayezijua sauti hizo, mbonyezee kitufe, na wewe uandike: nani huyu, wapi, anacheka nini.

Usingoje Krismasi. Anza na kaseti moja, wiki hii.