SAYANSI KIJIJINI: Magunzi ni Mali

Ndugu msomaji, ukishapukuchua mahindi, magunzi unayafanyia nini? Wengi huyatupa.

Nchini China magunzi hupelekwa kiwandani. Huchemshwa kwa asidi, yakatoa mafuta yaitwayo furfurali. Mafuta hayo husaidia kusafisha oili ya mitambo.

Lakini asidi ni kali. Huunguza ngozi na hula vyuma. Ikimwagwa mtoni huua samaki.

Kwa hiyo wataalamu wanajaribu kutumia zeolaiti. Hiyo ni aina ya jiwe lenye vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Sukari ya gunzi huingia vitunduni, ikageuka kuwa furfurali. Zeolaiti yenyewe haigeuki. Huchujwa, ikatumika tena.

Kazi hii ni ya kiwandani. Usiijaribu nyumbani. Lakini magunzi usiyatupe. Yakikauka ni kuni. Yakioza ni mbolea.