Mhusika wako, dadu ama hesabu?

Wadau, mnaocheza Dungeons & Dragons mnajua kuwa tangu 2014 kanuni zinakuruhusu kununua sifa za mhusika kwa pointi 27, kila sifa ikianzia 8 hadi 15. Ni haki, sikatai. Ila sisi waandishi wa programu tunaijua kazi hiyo: unatafuta jibu bora, na likishapatikana kila mpiganaji anafanana na mwenzake.

Mwaka 1974 zilirushwa dadu tatu za pande sita kwa kila sifa. Kupata 18? Mara 1 kati ya 216! Ukiangukia nguvu 6 na hekima 15, huyo ndiye mtu wako, mtafutie maisha.

Aliyekosa bahati atateseka miezi mingi? Hapo mna hoja. Basi rusheni namba sita za meza nzima, kila mmoja azipange apendavyo.